SOMO LA NYUMBANI: KUTAZAMA NDEGE

Soma kwanza: Kumbukumbu la Torati 22:6-7, Yeremia 8:7



Kiangazi cha mwaka 2024 tulikwenda Uingereza kumtembelea binti yetu. Shule za huko zilipofungwa mwishoni mwa Julai, tulifuatana naye na wajukuu wawili mpaka kisiwa cha Lindisfarne, pwani ya kaskazini-mashariki ya nchi ile. Huitwa pia Kisiwa Kitakatifu, kwa kuwa Mtakatifu Aidan alianzisha monasteri yake hapo mwaka 635. Siku nne tulitazama ndege. Tulidhani tunakwenda kuwafundisha wajukuu, kumbe somo lilikuwa letu.

1. Kujua majira

Barabara ya kwenda Lindisfarne hupita juu ya mchanga, na kila siku maji yakijaa huifunika mara mbili. Mgeni hutazama kwanza saa za kupwa na kujaa, ndipo aanze safari. Asiyejali huliacha gari lake katikati ya bahari.

Ndege nao wana saa zao. Mjukuu wetu mkubwa alitamani kumwona pafini, ndege wa bahari mwenye mgongo mweusi, kifua cheupe na mdomo mpana wa rangi kama ua. Pafini huja nchi kavu kama mwezi wa Aprili, hutaga yai moja tu ndani ya shimo, na Agosti ikianza karibu wote wamekwisha kurudi baharini. Tulikuwa tumechelewa. Badala ya maelfu tuliona saba, mmoja wao amebeba samaki wembamba waliopangwa mdomoni kama vijiti. Mtoto alinung'unika kidogo, lakini alijifunza kwamba ndege hawangoji likizo yetu. Nabii Yeremia aliwataja ndege wanaojua majira yao kuliko watu.

2. Kutambua

Tuliwapa watoto daftari na penseli, nasi tukachukua darubini. Tuliwaagiza waandike mambo matano kabla ya kuuliza jina: ukubwa, mdomo, miguu, namna ya kuruka, na sauti. Mdomo peke yake hueleza mengi. Bata wa eida ana mdomo mzito, naye huzamia akang'oa kome na kuwameza wazima pamoja na gamba. Membe ana mdomo mwembamba uliochongoka, naye hujitupa majini kama mshale akakamata dagaa. Mtoto aliyekwisha kuona hivyo kwa macho yake hahitaji kukaririshwa.

3. Kutogusa

Siku ya tatu tulipanda mashua katika mji wa Seahouses tukaenda kisiwa kidogo cha Inner Farne. Hapo ndipo Mtakatifu Cuthbert aliishi peke yake miaka mingi, na ndipo alipofariki mwaka 687. Inasimuliwa kwamba aliwakataza watu kuwadhuru bata wa eida, na mpaka leo watu wa pwani ile huwaita bata wa Cuddy, kifupi cha jina lake.

Membe wa Aktiki huzaa hapo. Ana uzito wa gramu kama 100 tu. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliwafunga membe wa visiwa hivyo vipimo vidogo miguuni. Mmoja wao alishuka pwani ya magharibi ya Afrika, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema, akaingia Bahari ya Hindi na kufika Antaktiki, akarudi Mei 2016. Jumla alikuwa amesafiri kilometa 96,000.

Ndege huyu hutaga chini, hata kando ya njia, na akimwona mtu hushuka kumdonoa kichwani. Kwa hiyo wote tulivaa kofia. Membe wengi walikuwa wamekwisha kukuza watoto, ila wachache walibaki na vifaranga. Mjukuu mdogo alimwona kinda amelala kimya majanini, akainua mguu atoke kwenye njia. Mara mama yake kinda alishuka na kumdonoa hata kofia ikaanguka.

Alilia. Akauliza, "Babu, mbona ananipiga? Nilitaka kumshika tu."

Hapo tulinyamaza, maana neno hilo "tu" tulilifahamu. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la nne. Tukawaagiza watoto walete viota kwa ajili ya meza ya maarifa. Kesho yake walileta viota kumi na vinne, vingine vina mayai, kimoja kina makinda mawili ambayo hayajafumbua macho. Mkaguzi alitusifu kwa zana nzuri za kufundishia. Jioni makinda yalikuwa yamekufa. Hatukuwaambia watoto lolote. Hatukukusudia ubaya, tulitaka kuonyesha tu. Sheria ya Musa juu ya mama ndege na makinda yake tulikuwa tumeisoma, lakini hatukudhani inatuhusu.

Tulimsimulia mjukuu habari hiyo yote palepale, bila kujitetea. Akafuta machozi, akatuuliza kama tuliwahi kuomba msamaha kwa wale watoto. Tulijibu hapana. Wengi wao leo ni wazazi, na huenda wengine wanausoma ukurasa huu. Basi tunaomba sasa: tusameheni, na msiwafundishe watoto wenu kama tulivyowafundisha.

Ndege wa Farne wamekwisha kupata mateso ya kutosha. Mwaka 2022 mafua ya ndege yaliingia, mizoga zaidi ya 6,000 ikaokotwa, na wageni wakazuiwa kushuka visiwani mpaka mwaka 2024. Kila kinda aliyebaki ni akiba.

Kazi ya nyumbani

(a) Wiki hii kaeni na watoto chini ya mti mmoja kwa nusu saa, kimya. Andikeni mambo matano ya kila ndege.
(b) Mkiona kiota, kitazameni kwa mbali, msirudi mara kwa mara.
(c) Zungumzeni: Ni madhara gani tumeyafanya bila kukusudia, na nani anangoja tumwombe radhi?