Kitovu cha Mtoto Mchanga: Kiwe Safi na Kikavu

Kitovu kikishakatwa, hubaki kidonda kibichi. Viini vikiingia hapo hufika kwenye damu, na kwa mtoto wa siku chache maambukizi huenea upesi na yanaweza kumuua.

Katika nyumba nyingi, kitovu bado hupakwa majivu, mate au mafuta ili kikauke haraka. Nia ni njema, lakini vitu hivyo huweza kubeba viini, vikiwemo vya pepopunda.

Mzazi, zingatia haya:

1. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa kitovu.
2. Paka dawa ya klorheksidini uliyopewa hospitalini, jinsi muuguzi alivyokuelekeza. Isimwingie mtoto machoni.
3. Funga nepi chini ya kitovu, kisiloweshwe na mkojo.
4. Usikivute. Kwa kawaida hudondoka chenyewe katika wiki 1 hadi 2.

Mpeleke mtoto kituo cha afya mara moja, hata ikiwa ni usiku, kitovu kikivimba, kikitoa usaha au kikinuka. Au mtoto akikataa kunyonya, akiwa na joto jingi au mwili baridi, akipumua kwa shida au akipata degedege.

Baba na nyanya pia wazijue dalili hizi, kwani mara nyingi wao ndio huamua safari ya hospitali. Nauli itengwe mapema, kabla mama hajajifungua. Mwenye swali amwone mhudumu wa afya ya jamii kijijini mwake.