Raha ya Moyo na Wingi wa Mali

Wengi katika sisi hudhani ya kuwa raha iko mbele kidogo: nikijenga nyumba ya ghorofa nitatulia, nikiongeza duka la pili nitapumzika. Nyumba hujengwa, duka huongezwa, na utulivu hauonekani. Basi natutazame habari ya mtu aliyepewa dunia kisha akaiacha.

Mwaka 1091 Imam Abu Hamid al-Ghazali aliwekwa na waziri Nizam al-Mulk kuwa mwalimu wa chuo cha Nidhamiya, Baghdad. Wanafunzi wapatao 300 walihudhuria darasa zake, na mali na jaha alikuwa nayo. Hata ulipofika mwezi wa Rajab mwaka 488 wa Hijra, yaani 1095, aliihisabu nafsi yake, akaona kuwa kusomesha kwake ni kwa kutaka sifa, si kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Akasita karibu miezi sita. Ulimi ukafungika asiweze kusomesha, chakula kikamshinda, na matabibu wakakata tamaa, wakasema maradhi haya asili yake ni moyoni. Mwisho akaigawa mali yake, akabakisha kadiri ya kumtosha yeye na watoto wake, akenda Sham, akajitenga katika mnara wa msikiti wa Damascus.

Hapa pana mafunzo matatu. La kwanza, dhiki ile ilimjia akiwa nayo mali, si alipoikosa. La pili, hakuwaacha watoto wake na njaa. Kwani kinaa si uvivu, wala si kukimbia wajibu. La tatu, kilichomtesa si kazi yake bali nia yake. Na kwa hivyo mwaka 1106 alirejea kusomesha, huko Nishapur, kazi ni ile ile na moyo ni mwingine.

Na sisi je? Mtu hukopa ili harusi ya binti yake isishindwe na ya jirani. Wageni hula wakaondoka usiku ule ule, na deni likabaki nyumbani miaka. Huyu hakununua raha. Amenunua maneno ya watu, nayo hayadumu hata wiki moja.

Wala hatusemi kuwa mali ni uovu. Mali ya halali ni neema, na ufakiri ni mtihani mzito. Mwenye shibe asimwambie mwenye njaa, "Kinai!" ilhali zaka yake ameizuia. Kinaa ya tajiri huanza kwa kutoa haki ya maskini.

Basi, ndugu yangu, kabla hujakitoa kitu dukani kwa deni, jiulize: lau hapana jicho la mtu litakaloniona nacho, ningekitaka? Ikiwa jawabu ni la, kiache. Utalala usingizi wako, na atakayegonga mlango wako asubuhi hatakuwa mdai.

Wabillahi tawfiq.