Kabla Hujatoa Kadi, Uliza: Ya Nini?

Wadogo zangu wa Lubumbashi, wa komini za Kenya na Katuba, za Ruashi na Kampemba, swali moja limenifikia kwa sura nyingi: "Yaya, nimeenda mjini kununua friji, pesa yote mkononi. Muuzaji akataka namba ya kadi yangu ya mpiga kura, kisha akaomba kuipiga picha kwa simu yake. Ninaweza kukataa?"

Unaweza, mdogo wangu. Kataa kwa adabu, lakini kataa.

Tangu sheria ya Desemba 2004, kadi ile inashika kwa muda nafasi ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo tunatembea nayo kila mahali hadi tunasahau uzito wake. Itazame vizuri. Ina jina lako, tarehe na mahali ulipozaliwa, majina ya baba na mama, anwani ya nyumba, na asili yako pia. Mji wetu unajua uchungu wa mtu kuulizwa asili yake: wazazi wetu walishuhudia Wakasai wakifukuzwa Katanga mwaka 1992 na 1993. Habari za namna hiyo hazina kazi yoyote katika simu ya muuza friji. Wewe unalipa, yeye anakupa friji na risiti, mmemalizana.

Na usidhani ni ukaidi wako tu. Katiba ya Kongo ya 2006, ibara ya 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu. Halafu ikaja amri yenye nguvu ya sheria (ordonnance-loi) namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile inayoitwa Code du numérique. Inamtaka anayekusanya habari za watu awe na sababu halali na ya wazi, achukue zile tu zinazohitajika kwa sababu hiyo, na azitunze salama. Wewe nawe una haki ya kujua alichokiandika juu yako na kudai makosa yasahihishwe.

Ila msinielewe vibaya. Kuna mahali ambapo kitambulisho kinadaiwa kwa haki. Ukinunua laini ya simu, kampuni inalazimika kukuandikisha. Ukifungua akaunti benki au ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ni lazima wajue wewe ni nani, maana kuna sheria za kuzuia pesa chafu. Ukichukua friji kwa mkopo, muuzaji ana haki ya kujua atamdai nani. Hapo toa, lakini hakikisha unampa mtu wa kazi hiyo, na kadi isiondoke machoni pako. Muuza laini asije akaandikisha kwa jina lako laini ya pili usiyoijua. Laini hiyo ikitumika kutapeli watu, jina litakalotafutwa ni lako.

Namba ya siri ya pesa za simu ni jambo jingine kabisa. Hakuna sababu halali ya kuiomba, wala hakuna mkubwa mwenye haki ya kuiomba. Wakala wa kabini haihitaji, na anayepiga simu akisema yuko ofisi ya kampuni haihitaji. Akikuomba, kata simu.

Najua ugumu uko wapi: tunaona haya. Muuzaji ni mtu mzima, foleni iko nyuma yako, unaogopa kuonekana mjuaji. Basi shika maneno haya: "Baba, samahani, kadi ni ya kazi gani? Mimi nalipa taslimu. Andika jina langu kwenye risiti, inatosha." Akisisitiza, mwambie utamwonyesha tu. Kuonyesha si kuacha kopi. Na kadi usiiweke rehani kwa deni la mtu yeyote. Ikipotea, nenda mapema komini uchukue cheti cha kupoteza vitambulisho, ili uwe na tarehe ya kujitetea.

Wenzetu wameonyesha kwamba sheria hizi zina meno. Septemba 2023, ofisi ya nchi ya Kenya inayolinda habari binafsi ilimtoza faini ya shilingi 2,975,000 mkopeshaji mmoja wa njia ya simu kwa kutumia majina na namba za watu, alizozipata kutoka kwa wengine, ili kuwasumbua. Iliwezekana kwa sababu watu walilalamika. Hapa kwetu, ukionewa na kampuni ya simu, andika barua kwake kwanza, tunza kopi yenye muhuri wa kupokelewa, kisha peleka lalamiko ARPTC, mamlaka inayosimamia kampuni za simu. Jina lako likitumika katika utapeli, nenda polisi haraka.

Na ninyi wadogo zangu wenye duka, neno hili ni lenu pia. Fungua simu yako leo, tafuta picha za kadi za wateja waliokwisha kulipa, uzifute. Mteja akirudi kesho, muulize anataka nini na atalipa vipi. Hayo yanatosha kufanya biashara.