Somo la Kamera za Ghala: Shahidi Huulizwa Mapema

Ndugu Wanachama,

Tunakuleteeni somo juu ya kamera za ghala na mashine inayohifadhi picha zake. Wengi wenu mmeziona kamera 4 zilizotundikwa kwenye ghala letu, na baadhi yenu mmekwisha kutuuliza kama mwaweza kuweka kama hizo majumbani, pale mnapoanika na kuweka karafuu zenu. Tungaliweza kukujibuni kwa maneno mawili matatu. Lakini msimu uliopita tulipatwa na aibu kwa kutozijua kamera zetu wenyewe, na uzito wa aibu ile ulimwangukia mtu asiye na kosa. Kwa hiyo tumeona ni haki tueleze yote.

Mambo yalivyokuwa

Siku ya Jumanne tulihesabu magunia ya karafuu kavu, tukakuta yamepungua 2. Kila mwenye mikarafuu anajua gunia lina maana gani: ni mahitaji ya skuli, ni mabati ya nyumba, ni deni la wachumaji. Maneno yakaanza. Mlinzi akasema kwamba Ijumaa usiku alimwona mchukuzi wetu mmoja, kijana, akitoka ghalani peke yake. Kijana akajibu kwamba ni kweli alitoka, saa 2 usiku, baada ya kufunika karafuu kwa turubali kwa sababu mvua ilikuwa inakuja, na kwamba hakuchukua kitu. Tukasema vyema, kamera zipo, na tuziulize.

Karani akafungua mashine, akatafuta Ijumaa saa 2, akaona uwanja mtupu na giza. Basi tukamwona kijana mwongo. Akaambiwa akae nyumbani mpaka jambo libainike. Akakaa siku 9 katikati ya msimu, hana ujira, na watu wa mtaani wanamtazama kwa jicho baya.

Jumapili iliyofuata mjumbe mmoja akagundua kwamba saa ya mashine haikuwa saa yetu. Tukarudi kuitafuta Ijumaa ile kwa saa iliyo sawa, lakini mashine ilikwisha kuifuta. Alhamisi yake, tulipolinganisha daftari letu na stakabadhi za kituo cha kununulia karafuu, tukaona kwamba gari lililoondoka siku 8 kabla ya hesabu yetu lilichukua magunia 16, na sisi tumeandika 14. Magunia hayakuibiwa. Yaliuzwa, na fedha zake zimo. Kosa lilikuwa la kalamu yetu.

Kamera zetu ziliyaona yote mawili: zilimwona kijana akitoka mikono mitupu, na ziliyaona magunia yakipakiwa. Lakini shahidi asiyeulizwa kwa wakati wake hana faida. Na tuangalie sasa shahidi huyu ni wa namna gani.

1. Kamera na rikoda

Kamera za zamani zilipeleka picha kwa waya mnene unaofanana na waya wa antena ya televisheni, na mashine iliyopokea ndiyo iliyozigeuza picha kuwa hesabu za kompyuta. Mashine hiyo huandikwa DVR. Kamera za mtandao za siku hizi ni kompyuta ndogo zenye lenzi. Kamera yenyewe hupiga picha, huzibana zikawa ndogo, kisha huzipeleka kwa waya wa mtandao kwenye mashine iliyoandikwa NVR, yaani rikoda ya mtandao. Kazi ya rikoda ni kuzipokea, kuzipanga kwa tarehe na saa, na kuziweka katika diski.

Ikiwa rikoda au swichi ni ya aina inayopeleka umeme, waya ule ule wa mtandao huilisha kamera umeme na kurudisha picha. Waya huo usizidi mita 100. Ukizidi, yapasa kuweka swichi katikati.

Wengi hudhani kwamba bila ya intaneti kamera hazifanyi kazi. Sivyo. Rikoda huhifadhi picha bila ya intaneti kabisa. Intaneti yahitajiwa na yule atakaye kutazama ghala lake kwa simu akiwa mbali.

2. Siku za kumbukumbu

Diski ni kama ghala: ina mwisho wake. Ikijaa, rikoda haisimami, bali hufuta picha za siku ya zamani kabisa ili ipate nafasi ya picha za leo. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza fundi ni hili: "Mashine hii inakumbuka siku ngapi?"

Hesabu yake ni nyepesi. Kila kamera hupewa kiasi cha megabiti kwa sekunde. Zidisha kiasi hicho kwa 10.8, utapata gigabaiti za siku moja. Kamera zetu zilikuwa zimewekwa kwenye megabiti 4. Mara 10.8, ni gigabaiti 43.2 kwa siku. Kwa kamera 4, ni gigabaiti 172.8. Diski yetu ilikuwa ya terabaiti 1, yaani gigabaiti 1000. Gawanya, utaona kwamba mashine yetu ilikumbuka siku zisizotimia 6. Na sisi tulikuwa tukiliuliza jambo la siku ya 8! Hata tungalijua saa, magunia yale tusingaliyaona yakipakiwa.

Sasa tumefanya mambo matatu. Kwanza, tumebadili namna ya kubana picha kutoka H.264, ambayo ni ya mwaka 2003, kwenda H.265 ya mwaka 2013. Hii hutunza picha ya namna ile ile kwa nafasi ndogo zaidi, hata tukaweza kushusha megabiti kutoka 4 hadi 2. Pili, tumeweka diski ya terabaiti 4 iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, kwa sababu diski ya kompyuta ya kawaida haikukusudiwa kuandika usiku na mchana bila ya kupumzika. Hesabu yake ni siku 46, nasi kwa tahadhari twaihesabu 40. Tatu, magunia yanahesabiwa kila wiki. Shikeni kanuni hii: siku za kumbukumbu ziwe nyingi kuliko siku zilizopo baina ya hesabu moja na nyingine.

Fundi aweza kukushaurini mashine iandike panapotokea mwendo tu. Ni njia ya kupunguza matumizi ya diski, lakini jani la mgomba likipepea nalo ni mwendo, na mtu aendaye polepole gizani aweza kupita asiandikwe. Sisi mlango wa ghala tunauandika saa zote.

3. Saa ya mashine

Hapa ndipo tulipomdhulumu kijana. Mashine huanza kuhesabu siku usiku wa manane, nasi twahesabu saa za mchana tangu kucha na saa za usiku tangu kuchwa. Saa 2 usiku kwetu, kwa mashine ni 20:00. Karani alitafuta 02:00, ambayo kwetu ni saa 8 usiku, watu wote wamelala. Juu ya hayo, rikoda ilikuja na saa za China, ambazo ziko mbele yetu kwa saa 5, wala hakuna aliyezibadili. Basi kijana alipotoka Ijumaa saa 2 usiku, mashine iliandika Jumamosi 01:00. Tulikosea saa, na tulikosea hata siku.

Dawa yake ni hii. Wekeni rikoda kwenye saa za Afrika Mashariki, yaani UTC na kuongeza 3. Kila mwanzo wa mwezi linganisheni saa yake na ya simu. Na ubandikeni karibu na mashine ubao wenye saa zetu upande mmoja na saa za mashine upande wa pili.

4. Kamera inaona nini

Picha ni nukta nyingi zilizopangwa pamoja, kama jamvi lilivyo kwa miyaa yake. Kamera ya megapikseli 2 ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Kanuni za Ulaya za kazi hii za mwaka 2015 zilisema kwamba ili kumtambua mtu usiyemjua, zahitajiwa nukta 250 kwa kila mita ya upana unaotazamwa. Kumtambua unayemjua, nukta 125 zatosha. Gawanya 1920 kwa 250: kamera hiyo isitazame upana unaozidi mita 7 na nusu hivi. Ukiielekeza kwenye uwanja wa mita 20, kila mita itapata nukta 96 tu. Utaona kwamba mtu amepita, na labda amevaa kanzu, lakini sura hutaijua. Kwa hiyo kamera moja itazame uwanja wote, na nyingine ibane mlango peke yake.

Usiku kamera huwasha taa za infraredi, ambazo jicho letu halizioni, na picha huwa nyeusi na nyeupe. Rangi ya nguo haitajulikana. Buibui hupenda kujenga hapo, na utando mmoja mbele ya lenzi hung'aa hata picha yote ikafifia. Ufuteni kila wiki. Kamera inayotazama mlango wenye jua nyuma yake humfanya mtu awe kivuli cheusi. Hapo chagueni yenye uwezo wa kusawazisha mwanga na giza, nao huandikwa WDR.

Kwa kamera ya nje, tazameni alama ya IP66 au IP67. Tarakimu ya kwanza ni kinga ya vumbi, na ya pili ni kinga ya maji. Lakini alama hiyo haisemi lolote juu ya chumvi ya bahari, basi skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

5. Umeme na neno la siri

Umeme ukikatika, kamera ni vipofu. Sisi wa Pemba umeme wetu hutoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na kila mmoja wetu anajua giza la ghafla. Betri ya akiba ya rikoda na swichi ni jambo la lazima. Rikoda yenyewe isiwekwe pale pale penye karafuu, kwani mwizi mwerevu huichukua pamoja na magunia. Ifungiwe katika chumba kingine.

Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile ya kwanza. Mwaka 2016 programu mbaya iitwayo Mirai iliingia katika kamera na rikoda nyingi mno duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani, na mwezi wa Oktoba zikatumiwa katika shambulio lililofanya tovuti kubwa za Marekani zisifunguke kwa saa kadhaa. Wenye kamera zile wengi hawakujua lolote.

6. Stara

Kamera isitazame ua wa jirani, wala mahali wanapokaa kina mama kuchambua karafuu. Wekeni tangazo kwamba kamera zipo. Picha si za kuonyeshana barazani wala za kupelekeana kwa simu. Hapa kwetu hufunguliwa mbele ya watu wawili, na huandikwa katika daftari nani amefungua, lini, na kwa jambo gani. Likitokea jambo, nakala itolewe siku ile ile katika flashi mbili, moja kwa katibu na moja kwa mwenyekiti, kabla ya kumtaja mtu yeyote kwa ubaya.

Maswali ya kujipima

Kamera 2 za megabiti 3 na diski ya terabaiti 2 zitakumbuka siku ngapi? (Jibu: 30 na zaidi kidogo.) Saa 11 alfajiri ni saa ngapi kwa mashine? (Jibu: 05:00.) Mwenye shida na atufikie ofisini, tutamwonyesha mashine yenyewe.

Ndugu zetu, kijana yule amerudi kazini. Amelipwa ujira wa siku zake 9, na tumemwomba radhi mbele ya wajumbe wote. Tunamwomba tena katika ukurasa huu, bila ya kulitaja jina lake, kwa kuwa tuhuma ilipita barabarani na haitoshi radhi ibakie chumbani.

Wenu katika kazi,
Katibu