Chombo cha Nyumbani Kinapomdhuru Mtu: Dhamana ni ya Nani?

Twaulizwa mara kwa mara suala hili: mtu amenunua chombo cha kutumia nyumbani, kama vile pasi, jiko au birika la umeme, kisha chombo kile kikamuunguza yeye au mmoja katika watu wa nyumba yake. Je, yuko mwenye kulipa? Wengi wetu hujibu kwa neno moja, "ajali," na mambo yakaisha hapo. Huenda aliyeumia akalala mwezi mzima, na matibabu yakamla akiba yake yote, na asimuulize mtu lolote. Kuridhika na lililokwisha kumfika mtu ni jambo jema, lakini hakumwondolei mwingine dhamana ya uzembe wake. Basi yafaa tulisome jambo hili kwa utaratibu.

Natupige mfano. Mume amenunua birika la umeme dukani akamletea mkewe. Siku ya tatu, mke alipolinyanyua limejaa maji ya moto, mkono wa birika uling'oka na maji yakammwagikia mapajani. Aliyetoa fedha ni mume. Aliyeungua ni mke. Ziko hapa njia mbili za kudai haki, nazo hazifanani.

Njia ya kwanza ni ya mapatano ya kuuza na kununua. Sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa hutia ndani ya mapatano hayo sharti ya kwamba mfanyabiashara atoe kitu kizima kinachofaa kwa kazi yake, ijapokuwa wawili hao hawakulitamka neno hilo. Mnunuzi hana haja ya kuthibitisha kuwa mwenye duka alizembea. Yamtosha kuonyesha kuwa kitu kilikuwa kibovu. Lakini mlango huu ni wa aliyenunua. Mke hakununua kitu. Hana mapatano na mwenye duka wala na mwenye kiwanda.

Njia ya pili, ambayo ndiyo yake mke, ni ya uzembe. Asili yake ni kesi mashuhuri ya Donoghue na Stevenson. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa soda ya tangawizi na rafikiye. Chupa ilikuwa nyeusi, haionyeshi kilichomo. Akanywa, na ilipomiminwa iliyobaki, alidai, akatoka konokono aliyeoza, naye akaugua. Hakuweza kudai kwa mapatano kwa kuwa hakununua yeye. Mwaka 1932 Baraza la Malodi, kwa watatu dhidi ya wawili, liliamua kuwa mwenye kutengeneza kitu kitakachomfikia mtumiaji vile vile kilivyotoka kiwandani, pasi na nafasi ya kukaguliwa njiani, ana wajibu wa kuchukua hadhari asimdhuru. Lord Atkin alieleza kuwa jirani yako katika sheria ni yule ambaye wapaswa kumfikiria kabla hujatenda, kwa kuwa kitendo chako kitamgusa.

Atauliza msomaji: mke wa mfano wetu atawezaje kujua ni fundi gani wa kiwanda aliyezembea? Jibu lilitolewa katika kesi ya Grant, iliyoamuliwa mwaka 1935 na Baraza la Mfalme la London, ambalo siku zile lilikuwa pia mahakama ya mwisho ya rufaa za nchi hii. Daktari mmoja wa Australia alivaa nguo za ndani za sufi zilizobakia dawa ya kiwandani, akapata maradhi makali ya ngozi. Kiwanda kilijitetea kuwa kimeshatengeneza nguo zaidi ya milioni nne bila ya malalamiko. Baraza halikuukubali utetezi huo: kuwapo kwa dawa ile ndani ya nguo kulitosha kuonyesha kuwa kuna aliyezembea, wala si lazima mdai amtaje kwa jina.

Marekani walikwenda mbele zaidi. Mwaka 1963, mahakama kuu ya California ilisikiza kesi ya mtu aliyenunuliwa na mkewe mashine ya useremala ya kutumia nyumbani. Kipande cha mti kiliruka kikampiga kipaji cha uso. Jaji Roger Traynor aliandika kuwa mwenye kiwanda huwa dhamini kwa ila ya bidhaa yake iliyomdhuru mtu, hata bila ya kuthibitishwa uzembe. Na hapa kwetu, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya usalama wake, na haki ya fidia kwa madhara yatokanayo na kasoro za bidhaa.

Lakini haki isiyo na ushahidi hupotea. Likitokea jambo kama hili, kwanza atibiwe aliyeumia, na karatasi za hospitali zihifadhiwe. Pili, chombo kisitupwe, kisirudishwe dukani, wala kisipewe fundi. Ndicho shahidi wa kwanza. Tatu, itunzwe risiti, kasha na karatasi ya maelezo. Nne, apelekewe habari mwenye duka kwa maandishi, na shirika la kusimamia ubora wa bidhaa, KEBS. Tano, asichelewe: dai la uzembe lina muda wa miaka mitatu, na la mapatano miaka sita.

Inatupasa pia kuwa waadilifu. Aliyefungua chombo akakiunganisha kwa nyaya zake mwenyewe, au aliyepuuza onyo lililoandikwa, huenda akapunguziwa fidia au akaikosa kabisa. Wala si halali kumtuhumu mwenye duka kabla ya kukaguliwa chombo.

Wako wanaoona haya kudai kwa kuwa mwenye duka ni jamaa au jirani. Lakini birika lililomuunguza mmoja lina wenzake rafuni. Anyamazaye leo kwa haya, huenda kesho akasikia kuwa limemuunguza mtoto wa nyumba ya pili.