Somo: Chuma cha kulehemu kwa redio za kikundi



Hapa Masisi redio ikinyamaza, uvumi hushika nafasi yake. Mtu anatoka sokoni, anasema kijiji fulani kimechomwa, na kufika jioni familia zimeshafunga mizigo kabla ya yeyote kuuliza ni nani aliyeona. Redio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, hutangaza habari kwa Kiswahili pia, lakini hazimfikii mwenye redio iliyokufa. Ndiyo maana vikundi vya wasikilizaji hutuuliza: tukichanga pesa, tununue chuma gani cha kulehemu? Madukani kinaitwa kwa Kifaransa fer à souder.

Kwanza tutazame kinachoharibika. Redio ndogo nyingi tunazoziona hazijaungua. Ni uzi wa betri uliokatika, au wa spika, au antena iliyong'oka. Hiyo ni kazi ya dakika tano, tena ya mara moja moja. Haihitaji chombo cha bei kubwa cha fundi wa mjini.

Tangulizeni swali la umeme kabla ya bei. Chuma cha volti 220, chenye wati 30 hadi 40, kinatosha, lakini kinataka jenereta au inveta. Penye paneli ya jua na betri tu, sisi tunapendelea kile cha volti 12 chenye vibanio viwili vya kushika betri. Cha wati 36 huvuta ampea 3. Betri ya pikipiki ya ampea-saa 7 ingekiendesha saa mbili na kidogo, ila kuimaliza nguvu ni kuiua, kwa hiyo hesabuni saa moja. Saa moja ni redio kadhaa. Cha volti 12 kisichomekwe kamwe kwenye jenereta ya volti 220: kitaungua papo hapo.

Msivutwe na wati nyingi. Chuma cha wati 100 ni cha nyaya nene. Kwenye ubao wa redio hubandua vijia vya shaba, na redio iliyokuwa imekatika uzi mmoja inakuwa haiponi tena. Kile cha kupashwa kwenye makaa ni cha fundi wa mabati. Cha gesi ni kizuri, lakini gesi yake mtaipata wapi Nyabiondo?

Mkiwa dukani, tazameni ncha: iwe nyembamba, na iweze kufunguliwa na kubadilishwa. Ncha yenye kung'aa isipigwe tupa, maana ngozi yake ya juu ikitoka italika upesi. Ifuteni kwa kitambaa cha pamba chenye unyevu. Ombeni kijaribiwe mbele yenu.

Waya wa kulehemu uwe wa bati 60 na risasi 40, unene wa milimita 1 au pungufu, wenye utomvu ndani. Huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi. Usio na risasi hutaka kama 220. Bati hutoka katika kasiteriti, jiwe lile lile linalochimbwa Bisie kule Walikale. Jiwe huondoka kwetu kwa magunia, nasi tunanunua waya kwa mita.

Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Lehemuni nje, mbali na chakula, na mnawe mikono kwa sabuni. Kibanda cha turubai huwaka haraka, basi chuma cha moto kilazwe juu ya jiwe. Toeni betri redioni kwanza. Betri ya simu msiilehemu hata kidogo, inaweza kulipuka.

Limebaki swali gumu kuliko wati: nani atakitunza? Mahali wanapoishi pamoja Wahunde, Wahutu, Watutsi na Wanyanga, chuma kikilala siku zote kwa mzee wa upande mmoja, wa upande mwingine huacha kuleta redio zao, hata kama hakuna aliyewakataza. Tunashauri watunzaji wawili wa jamii mbili, mmoja wao mwanamke, na daftari moja: aliyetangulia kuandikwa ndiye anayetengenezewa kwanza, awe shefu au mjane.

Maswali ya kujadiliana:
Katika kikundi chetu, nani hajawahi kuleta redio yake, na kwa nini?
Tukihama tena ghafla, chuma na daftari vitabebwa na nani?