Dondoo Muhimu: Injini Mpya Kabla ya Safari Ndefu

Magari mapya ya kutoka kiwandani ni machache hapa Momela. Injini mpya huku mara nyingi ni pikipiki iliyotoka dukani juzi, au gari ambalo fundi amefungua injini yake na kuweka ringi mpya. Zote zinahitaji kuzoeshwa kabla ya kwenda Dodoma au Dar es Salaam.

Katika kilomita 1,000 hivi za mwanzo, ringi hukaa sawasawa kwenye kuta za silinda. Zisipokaa, injini itakula oili. Usikanyage mafuta hadi mwisho, lakini usiibembeleze mno pia: kuiacha ingurume bila mzigo hakusaidii kitu. Inataka mwendo unaobadilika. Ndiyo maana barabara ya Usa River hadi Momela inafaa kuliko lami ya Moshi kwa spidi ileile muda wote. Kupanda huipa injini kazi. Kushuka ukiwa kwenye gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, huipumzisha. Mlimani punguza gia mapema, isihangaike kwenye gia kubwa. Tela hapana. Kupakia mishikaki kwenye pikipiki pia hapana, hata abiria wakisihi.

Pima oili asubuhi, injini ikiwa baridi, mahali tambarare. Oili ya kwanza imwagwe kwa kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu cha mtengenezaji. Kwa pikipiki nyingi ni kati ya 500 na 1,000. Ikitoka na chenga laini za chuma usishtuke, ila vipande ni vya kumwonyesha fundi. Ukipitia vumbi la Ngare Nanyuki, kagua chujio la hewa.